Mlio Uliokoma

Motokaa ambayo watu hulala ndani yake ni nyumba na chombo kwa pamoja, na kwa sababu hiyo huugua maradhi ya vitu viwili. Nyumba hupiga kelele kwa vikombe, makabati na bawaba zake. Chombo hupiga kelele kwa magurudumu na injini yake. Atakaye kujua kelele ipi ni ya nyumba na ipi ni ya chombo amejitwika kazi ya mtu anayechagua mchele gizani.

Kazi hiyo ilimwangukia mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro, siku sita kabla ya safari ya kwenda Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Kombi yake, Volkswagen iliyoundwa mwaka 1969, ni ya aina ile ambayo injini imewekwa nyuma, wala haina maji ya kuipoza ila upepo wa feni tu. Juu ya injini pamefanywa kitanda cha kukunja, na ubavuni mna kabati, jiko dogo la gesi na pipa la maji. Aliinunua ikiwa kuukuu, akaitengeneza kwa miaka mingi kwa fedha ambazo mkewe hakupenda kuzihesabu.

Lakini safari hii ilikuwa ya mke kuliko ya mume. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa mgonjwa huko Matema, na kila jioni aliuliza kwa simu watafika lini. Basi la kwenda Mbeya lingemweka kitini kutwa nzima, na mgongo wa mama huyu ulikuwa hauwezi tena kukaa kitako kutwa nzima. Ndani ya kombi angeweza kujinyosha. Basi kila siku iliyotumika kusikiliza vyuma ilikuwa siku aliyopunjwa mgonjwa. Mwalimu alilijua hilo, na mkewe alilijua zaidi.

Milio iliyolalamikiwa ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa mkanda wa feni, uliolia kama panya kila injini ilipowashwa asubuhi. Ulikazwa, ukanyamaza, na habari yake ikaisha. Wa pili uliwachukua siku nzima. Ulikuwa mgongano mwepesi, mahali fulani nyuma ya kiti cha dereva, uliotokea kwenye barabara mbovu tu. Walitoa vikombe, wakazunguka njia ile ile, mlio ukabaki. Walitoa sufuria, ukabaki. Walitoa vijiko, mtungi wa gesi, hata magodoro, na watoto wa jirani wakaanza kuuliza kama mwalimu anahama. Jioni, kombi ikiwa tupu kama ganda la nazi, iligunduliwa kwamba mguu wa meza ya kukunja ulikuwa umepoteza kipande cha mpira kisichozidi ukucha.

Hata hivyo siku hiyo haikupotea bure, kwa kuwa nyumba iliponyamaza ndipo chombo kiliposikika. Mlio wa tatu ulikuwa uvumi mzito, uliopanda kadiri mwendo ulivyoongezeka. Mwalimu alipanda mteremko mdogo, akageuza gari, akalitoa katika gia na kuliacha literemke lenyewe. Injini ilishuka sauti, uvumi haukushuka. Basi haukuwa wa injini, ulikuwa wa magurudumu. Akapinda kulia, uvumi ukazidi. Akapinda kushoto, ukapungua. Gari lipindapo kulia uzito wake huelemea upande wa kushoto, na kitu kibovu hulia kinapoelemewa. Fundi aliitwa, kijana ambaye zamani mwalimu alimfundisha hesabu. Aliinua gurudumu la mbele la kushoto kwa jeki, akalizungusha kwa mkono mmoja na wa pili ameuweka juu ya chuma kinacholishika gurudumu, akasema asikie mwenyewe. Mkwaruzo ule ulisikika kwa kiganja kabla ya kusikika kwa sikio. Beringi mpya ilitiwa siku ya pili yake, na uvumi ukakoma.

Zilikuwa zimesalia siku tatu. Mwalimu aliosha gari, akapakia upya vyombo vyote, akamchukua mkewe kumwonyesha kazi yake. Mama alijilaza juu ya kitanda cha nyuma, akafumba macho. Walikwenda maili chache kwenye njia ya Mikumi na kurudi, na gari lilikuwa limetulia kuliko lilivyopata kutulia kwa mwaka mzima.

"Mwalimu," alisema mkewe walipofika, maana hata nyumbani alimwita hivyo, "yule wa upande wa kushoto amekwenda wapi?"

"Nani?"

"Aliyekuwa akigonga. Chini ya kichwa changu hapa walikuwa wanagonga wote, kama saa. Sasa mmoja hagongi."

Mama huyu alishona nguo kwa cherehani zaidi ya miaka thelathini, na mwenye cherehani hujua hali ya mtambo wake kwa sikio na kwa unyayo. Mume alijibu kwamba injini ikitulia watu hushukuru. Jibu lile lilikuwa na ukali kidogo. Ni haki kumtetea: mtu aliyeshinda siku tatu akiwinda milio huanza kuuona ukimya kuwa ndio mshahara wake, wala hapendi kuambiwa kwamba fedha alizolipwa ni bandia.

Usiku hakulala vizuri. Alikuwa anajua jambo ambalo hakulisema. Katika injini ile kila valvu huachiwa nafasi ndogo, yapata milimita 0.15 injini ikiwa baridi, kati yake na chuma kinachoisukuma, na mgongo mwepesi unaosikika ni wa nafasi hiyo. Valvu ya kutolea moshi ikianza kurefuka kwa joto, nafasi huliwa, na mgongo hufifia hata ukakoma. Kisha valvu haifungi sawasawa. Nayo hupoa inapokaa juu ya kiti chake. Isipokaa, huzidi moto, na ikizidi moto huzidi kurefuka. Mwisho wake kichwa chake hukatika na kuangukia ndani ya silinda. Mwenye gari husifu utulivu wa injini yake mpaka siku hiyo.

Alfajiri, injini ikiwa baridi, fundi alifungua kifuniko cha kushoto. Katika injini za miaka ile kipoza mafuta kimesimama katika njia ya upepo uendao silinda ya tatu, hivyo silinda hiyo hupata upepo uliokwisha pata moto. Hapo ndipo kile kibapa chembamba cha chuma cha kupimia kilipogoma kuingia. Fundi akaizungusha injini polepole kwa spana. Mara tatu mkono wake ulizuiwa na nguvu ya hewa iliyobanwa. Mara ya nne ulipita kama unaochota uji.

"Mwalimu, naweza kuilegeza ikapata nafasi, mkaondoka kesho," alisema. "Huenda ikafika Matema. Huenda ikakatika Kitonga."

Kitonga ni mlima ambao barabara huupanda kwa kona nyingi kutoka bonde la Ruaha kuelekea Iringa, na injini inayopozwa kwa upepo huungua hasa katika mipando ya namna hiyo. Mwalimu alimtazama mkewe. Alitamani, labda, aambiwe waondoke, ili uzito wa uamuzi usiwe wake peke yake. Usiku ule dada mtu alikuwa ameuliza tena watafika lini.

"Ifungue," alisema mama. Akaingia ndani, akakunja nguo zake, akamtuma mtoto wa jirani kumkatia tiketi ya basi. Alfajiri ya pili yake aliondoka na mito miwili, mmoja wa kukalia na mmoja wa mgongo.

Injini ilishushwa chini, na kichwa cha kushoto kikafunguliwa. Valvu ilipotolewa, shingo yake ilikuwa imekonda, na ukingo wake umeliwa na moto upande mmoja. Mwalimu aliishika kwa muda mrefu, kisha akaiweka katika kikombe kimojawapo cha safari.

Vipuri vilichelewa, kazi ikachukua siku tisa. Siku ya tisa aliiwasha, akapanda juu ya kitanda, akalaza kichwa mahali pa mkewe, akasikiliza upande wa kushoto mpaka akatosheka. Akapiga simu Matema, akaishusha karibu na injini ili naye asikie.

Mama alisema hasikii mgongo wowote, anasikia upepo wa feni tu. Dada yake, aliyekuwa ameketi kando akinywa uji, anauliza kelele ile ni ya nini. Na akija, aje polepole.