Kwa Kipimo cha Vidole

Katika utamaduni wa bahari, kitu kilichokaa chini hakikuwa kitu cha kudharauliwa. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, mawe au mchanga, ili lizame kiasi na litulie mawimbini. Hoja hiyo nimeitumia mara nyingi kuwatetea vijana mbele ya wenzangu wa barazani, ambao wakiona gari lililoshushwa hadi bampa linakaribia kulamba lami husema kwamba dunia imekwisha. Haijaisha. Kijana asiyeweza kununua gari jipya anataka lile kuukuu alilonalo liwe na umbo, liwe na mkao, lisionekane kama kuku aliyenyeshewa mvua na kusimama kwa kidole cha mguu. Ombi la uzuri likitoka kwa mtu mwenye fedha chache haliwi upuuzi kwa sababu hiyo.

Mtoto wa marehemu kaka yangu aliachiwa na baba yake Corolla la mwaka 1998, aina ile ambayo Tanzania nzima huijua kwa jina la "110". Alinijia akiwa na shilingi laki sita alizozidunduliza kwa muda mrefu.

"Ami, nataka kulilaza. Nisaidie kuchagua vifaa."

Sababu ya kunijia mimi badala ya kwenda moja kwa moja gereji ni kwamba nimesomesha fizikia maisha yangu yote, na springi ni sura ya fizikia. Lakini nilijua pia jambo ambalo hakulitaja. Ndani ya gari hilo ndimo anamopakiwa mama yake, mara mbili kwa mwezi, kupelekwa kliniki kwa maradhi ya uti wa mgongo, na njia ya kutokea kwao ina mashimo na mawe ya matumbawe kabla ya kufika lami, na baada ya lami yanafuata matuta. Basi gari lilikuwa na mabwana wawili: jicho la kijana na mgongo wa mama. Laki sita zilikuwa ziwaridhishe wote.

Njia ya kwanza, nayo ndiyo ya bei ya chini kabisa, ni kukata springi. Fundi huchukua msumeno, huondoa mzunguko mmoja, na gari hushuka siku hiyo hiyo. Wengi hudhani springi iliyokatwa huwa laini kwa vile imepungua. Kinyume chake ndicho cha kweli. Ugumu wa springi hupanda kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua: yenye sita ikiondolewa mmoja huwa ngumu zaidi kwa sehemu moja ya tano. Hilo peke yake lingevumilika. Baya zaidi ni ile ncha iliyokatwa, ambayo haikai sawasawa katika sahani yake. Gurudumu likitumbukia shimoni, springi iliyofupishwa huweza kulegea kabisa, kisha ikarudi mahali pake ikiwa imekaa upande. Wako wanaokwepa msumeno wakaichoma springi kwa moto wa gesi hadi ikajikunja yenyewe. Hao ndio wa kuogopwa. Moto huondoa ule ugumu uliotiwa kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa hesabu. Gari hushuka leo kwa kupenda fundi, na kesho huendelea kushuka kwa kupenda kwake. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Njia ya pili ilikuwa ndiyo ndoto yake: shokapu zenye uzi wa skrubu mwilini, ambazo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha nati. Alikuwa ameziona seti zilizotumika, zimetoka Japani, bei yake ikizimeza laki sita zote. Nilimwomba tukazitazame. Nati mbili kati ya nne zilikuwa zimeshikana na mwili kwa kutu, na hewa ya chumvi ya kisiwa chetu isingezihurumia zile mbili zilizosalia. Kifaa kinachonunuliwa kwa sababu kinarekebishika, nacho hakirekebishiki, kimebakiwa na nini? Juu ya springi paliandikwa kilo 8 kwa milimita, yaani huhitajika uzito wa kilo 8 kuiminya milimita moja tu. Pembe ya mbele ya gari dogo kama lile haibebi hata kilo 300. Springi ya namna hiyo imetengenezwa kwa ajili ya barabara laini na viwanja vya mashindano. Juu ya matumbawe ingelipeleka kila jiwe kitini bila kupunguza kitu. Na huko Japani kwenyewe zilikotoka, sheria ya ukaguzi hutaka gari libakishe angalau sentimita 9 kati ya tumbo lake na ardhi.

Isidhaniwe kwamba mapenzi haya ni ya vijana wetu peke yao. Kusini mwa California, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wenye asili ya Mexico walilaza magari ya mitumba kwa kukata springi au kwa kupakia mifuko ya mchanga katika buti. Farumi ile ile! Jimbo likapitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1958, ya kupiga marufuku gari ambalo sehemu ya bodi yake imeshuka chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki katika Corvette yake, akawa anaweza kuishusha na kuinyanyua kwa kubonyeza swichi, askari akitokea ikutwe imesimama kwa adabu. Marufuku ile ilifutwa kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2023. Miaka 65 serikali ilishindana na kimo cha gari la kijana maskini, na kijana ndiye aliyeshinda.

Nilimweleza mwanangu kwamba swali lake la springi kwa hakika ni swali la shokapu. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Springi fupi na ngumu ikiwekwa juu ya shokapu iliyochoka, mafuta yameshavuja, gari huendelea kurukaruka baada ya kila tuta kama mtumbwi uliopitwa na boti. Tena, gari likishushwa, nafasi ya gurudumu kupanda hupungua kwa kiasi kile kile. Ikiwa zilikuwepo sentimita 8, ukashusha 5, zimebaki 3, na shimo halina habari kwamba umeshusha. Mwili wa shokapu utagonga kile kipande cha mpira kilicho juu yake. Lipo na jambo ambalo gereji hawalisemi. Mkono wa chini unaoshika gurudumu ukishainama kinyume, upande wa gurudumu ukawa juu kuliko upande wa bodi, bodi huanza kulala zaidi katika kona kuliko inavyostahili kwa springi zake. Anayeshusha kupita kiasi ili gari lishike barabara huweza kupata kinyume cha alichokilipia.

"Kwa hiyo Ami, kiasi gani?"

Nikamwambia milimita 30. Akatazama vidole vyake. Wao hupima kwa vidole vinavyoingia kati ya tairi na ukingo wa bodi. Lake lilikuwa likiingiza vinne na nafasi ikabaki, na yeye alikuwa akitaka kimoja.

Tulikubaliana fedha itangulie kwenye shokapu nne mpya za kawaida, za gesi. Springi alizipata Dar es Salaam, Gerezani, zilizotumika, fupi kidogo kuliko za asili. Tulizisimamisha juu ya meza iliyonyooka, kushoto na kulia, tukapima kimo cha kila moja, tukatafuta nyufa chini ya rangi. Unene wa waya niliupima mwenyewe, kwani hapo ndipo siri ilipo: waya wa milimita 13 badala ya 12, mambo mengine yakiwa sawa, huongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi, ijapokuwa jicho halioni tofauti. Hizi zilikuwa 12, sawa na za zamani. Salio tuliliweka kwa ajili ya alaimenti, ambayo wengi huiruka, kisha wakashangaa tairi kulika upande wa ndani katika miezi michache.

Kazi ilichukua siku moja. Sasa tairi na bodi vinapishana kwa vidole viwili na nusu. Wenzake wa maskani wamemwambia kwamba gari halijalala, limesinzia tu. Shemegi yangu, aliporudi kliniki safari ya kwanza, nilimuuliza mgongo umeipokeaje njia. Akasema njia ni ile ile, ila mlango umekuwa chini, na siku hizi hubidi ashike paa la gari anapoketi. Kijana amemfungia mpini wa kushikia.