KOA WA SANTA CRUZ

Popote penye unyevu na kabichi, hapakosi mtu wa kutia chumvi. Mwenye bustani mmoja husimulia kwamba aliona mpira wa maji umelala kando ya tuta, akauvuta amwagilie mboga. Mpira ukageuka, ukamkodolea macho. Jirani yake, asikubali kushindwa, hudai kuwa koa wake alimaliza saladi yote, kisha akaegemea ua kungojea chakula cha jioni.

Katika misitu ya Santa Cruz, pwani ya California nchini Marekani, uongo wa namna hiyo una msingi. Huko huishi koa wa ndizi, ndugu wa konokono asiye na nyumba mgongoni. Rangi yake ni manjano, pengine na madoa meusi kama ndizi iliyoiva mno, na urefu wake huweza kufikia sentimita 25. Hujikokota chini ya miti mikubwa, akila uyoga na majani yaliyooza, huku ukungu wa bahari ukimlinda asikauke. Amngataye hufa ganzi ulimi kwa ute wake. (Bingwa wa dunia, hata hivyo, yuko Ulaya: koa mweusi afikaye sentimita 30. Jambo hilo si la kumwambia mwenyeji wa Santa Cruz wakati wa chakula.)

Majeshi na timu hujichagulia simba, tai au nyati. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichopo mjini humo walimtaka koa. Mkuu wa Chuo, Robert Sinsheimer, alipendelea simba wa bahari, mnyama mwenye heshima na meno. Lakini uwanjani watazamaji waliendelea kumshangilia koa, na kura ilipopigwa mwaka 1986, koa alishinda kwa wingi mkubwa. Mkuu akakubali matakwa ya wengi. Mwaka 2024 jimbo zima likafuata, likamfanya koa huyo kuwa koa rasmi wa California.

Wito wa Chuo Kikuu hicho, kwa Kilatini, ni “Iwe nuru”. Fulana zinazouzwa Santa Cruz zina picha ya koa wa manjano akisoma kitabu, pamoja na maneno, nusu Kilatini nusu Kiingereza, “Iwe koa”.