Taa ya zamani, taa mpya na mtihani wa dogo

Najua nimekuwa kimya, si kwa ubaya, ni test juu ya test. Juzi nimerudi Mlimani kutoka nyumbani Balangdalalu, na stori niliyokuja nayo ni ya taa. Ndiyo, taa. Msifunge ukurasa kwanza.

Chanzo ni mwenzangu wa chumbani. Mtu wa Unguja, anasoma biolojia, na ugonjwa wake ni matumbawe. Akianza habari za kisiwa cha Chumbe unaweza kulala ukaamka bado anaongea. Kabla ya likizo alinisimulia watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe ndani ya tangi la samaki sebuleni. Juu ya tangi wanatundika taa za LED zenye bluu nyingi, kwa sababu maji ya bahari yanameza mwanga mwekundu mapema na bluu ndiyo inayofika chini zaidi. Ndani ya matumbawe kuna mwani mdogo mdogo, huo ndio mpishi wa nyumba, unatumia mwanga kutengeneza chakula. Sasa mtu akiongeza taa mpya pembeni ya ile ya zamani, haiwashi kwa nguvu zote siku hiyo hiyo. Anaanza chini, anapandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, la sivyo mwani unatoka na matumbawe yanapauka.

Nikamuuliza, kwani taa ya zamani na mpya zinatofautiana kiasi hicho? Akanijibu, "Mtu wa fizikia si wewe?" Nikanyamaza.

Haya, twende Balangdalalu. Kwa msiopajua, ni wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, na mwezi wa 7 baridi ya kule si mchezo. Nyumba yetu iko mbali na nguzo za umeme, tunatumia sola: paneli ya wati 20, betri ya volti 12 yenye amp-saa 7. Taa ilikuwa moja, LED ya wati 7, ipo tangu 2016. Boom lilipotoka nilipitia Katesh nikanunua nyingine ya wati 5 kwa ajili ya dogo. Yuko kidato cha 4, Novemba anakaa kwenye mtihani.

Tulipozitundika pamoja, ile ya zamani ilionekana kama kibatari. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hii imeharibika lini?" Swali zuri sana hilo! Jibu ni kwamba haikuharibika siku yoyote. Balbu za zamani za waya zilikuwa zinakatika, paa, giza. LED inafifia taratibu miaka na miaka, na jicho linaizoea. Ndiyo maana wataalamu wengi wanahesabu maisha ya LED mpaka pale mwanga unaposhuka hadi asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo, ingawa bado inawaka. LED nyeupe ya kawaida ni ya bluu iliyopakwa unga wa njano uitwao fosfori, macho yetu yanachanganya yanaona nyeupe. (Waliotengeneza hiyo ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia 2014.) Joto linachosha kidude chenyewe na fosfori yake, na kifuniko cha plastiki kinageuka njano. Yetu ilikuwa njano kama jino la mvuta tumbaku.

Nikachukua simu yenye programu ya kupima mwanga. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha inatosha. Umbali wa mita 1, taa ya zamani ilitoa luksi 70 hivi, mpya 120. Yaani wati 5 zinaipiga bao wati 7!

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mama akasema ya zamani ishushwe, inakula betri bure. Dogo anataka zote mbili ziwake mezani. Tukapiga hesabu. Betri ina kama wati-saa 84, lakini aina hii ukiinyonya chini ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo tuna 42. Taa zote mbili ni wati 12, zinamaliza hizo kwa saa 3 na nusu, na simu ya mama haijachajiwa. Mpya peke yake inakwenda zaidi ya saa 8.

Kwa hesabu hiyo mama ameshinda, si ndiyo? Mimi nilimpinga. Taa moja inatupa kivuli kikali cha mkono juu ya daftari, na kusoma kwenye duara la mwanga huku chumba kizima ni giza kunachosha macho. Ile mpya nikaishusha mpaka sentimita 60 juu ya meza. Ukikaribia chanzo mwanga unaongezeka kwa kipeo cha pili, simu ikasoma zaidi ya luksi 300, ambazo viwango vingi vinazitaka darasani. Ya zamani nikaihamishia upande wa pili wa chumba, juu, ipunguze vivuli. Kila moja na waya wake na swichi yake. Ya mezani saa 1 usiku hadi saa 4, ya zamani saa 1 na nusu tu, wakati wa kula. Jumla 25 na nusu, simu inachajiwa.

Kitu kimoja ni kinyume na matumbawe. Wao wanatafuta bluu, sisi usiku bluu nyingi inachelewesha usingizi. Kwa hiyo saa 4 ya mezani inazimwa, na dogo akipanga madaftari yake anawasha ile ya njano dakika chache. Kumbe uzee wake una kazi.

Jana dogo kanitumia meseji. Mawingu siku ya 3, paneli haipati kitu, taa ya zamani haijawashwa tangu Jumapili. Mama amehamishia maharage yake mezani, anachambua upande mmoja, dogo anapiga hesabu za vekta upande wa pili. Anasema tatizo ni kwamba mama naye anauliza maswali.