Bao kwa Simu

Mwaka ule Babu alipoteza vitu viwili: macho na mpinzani. Macho yaliondoka polepole, presha ya macho iliyogundulika kwa kuchelewa. Mpinzani aliondoka usiku mmoja. Alikuwa jirani yake wa miaka mingi, na kila jioni walikaa chini ya mwembe wakicheza bao na kugombana kama watoto. Baada ya msiba, Mama aliniambia kwamba Babu hukaa peke yake, ubao mapajani, anapapasa mashimo kwa vidole bila kusogeza kete hata moja.

Mimi niko Dar es Salaam, yeye yuko Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma. Nikampigia. "Shikamoo Babu. Tucheze bao kwa simu."

"Marahaba, mke wangu." (Utani wa babu na mjukuu wa kike mnaujua.) "Bao halina masikio."

"Mimi ninayo, Babu. Wewe taja shimo, mimi nitasikia."

Wanaosoma historia wanaijua Nyegina kwa sababu ya misheni yake. Ndiko Nyerere alikobatizwa mwaka 1943 na kuwa Julius. Babu hupenda zaidi kisa kingine kinachosimuliwa huku kwetu Mara: kwamba Kambarage, akiwa bado mtoto wa Butiama, alimfunga bao Chifu Makongoro wa Ikizu, na chifu akamshauri mzee Burito ampeleke mtoto shule. Wazanaki huliita bao hilo orusoro. Kwa Babu, kisa hicho kinathibitisha kwamba nchi hii ilianzia kwenye bao. Sijawahi kubishana naye.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa majina. Bao lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Nikapendekeza tutaje safu na shimo: "safu ya nyuma, shimo la tatu." Babu akanikatiza. La tatu kuanzia wapi? Kulia kwa nani? Kichwani mwake safu mbili hazikuwepo kabisa. Kulikuwa na njia moja ya mashimo 16 inayozunguka, na mkono wake uliijua tangu utotoni.

Tukakubaliana hivi. Kila mmoja ahesabu kuanzia kushoto kwake: 1 hadi 8 safu ya mbele, halafu apinde kona na kurudi kwa safu ya nyuma, 9 hadi 16. Baada ya 16 unarudi kwenye 1. Babu akakaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo nililiandika kwenye daftari.

"Shimo langu la mbele na lako yakitazamana, ukiyajumlisha ni 9. La mbele na lililo nyuma yake ni 17."

Hakikisha mwenyewe. Shimo langu la 3 linatazamana na la 6 la kwake. Nyuma ya la 3 kuna la 14. Babu aliishia darasa la nne.

Mimi kule Dar sikuwa na ubao. Nilikuwa na kompyuta, na kakozi ka kuandika programu nilikokapata kazini, tulipofundishwa uandishi wa habari za takwimu. Mwalimu wetu alitumia mfano wa michezo ya video. Ramani ya mchezo, alisema, wewe unaiona kama sakafu yenye vigae, lakini kumbukumbu ya kompyuta ni mstari mmoja mrefu, kama nyumba za mtaa wenye barabara moja. Kwa hiyo unavipanga vigae vyote kwenye orodha moja: safu ya kwanza, ikiisha unaunganisha ya pili, na kuendelea. Ukitaka kigae fulani, unazidisha namba ya safu kwa upana wa ramani, unajumlisha namba ya shimo, au nguzo kama wanavyoita. Kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo katika ramani yenye upana wa 8, safu ya 2, nguzo ya 5, ni 2 mara 8 jumlisha 5: nafasi ya 21. Kurudi ni kugawanya: 21 kwa 8 ni 2, baki 5. Rahisi mno. (Nilipomsimulia Babu habari ya sifuri alicheka. Kwake sifuri ni shimo lililoliwa, haiwezi kuwa shimo la kwanza.)

Basi nikaandika programu kwa Python. Mashimo 32, orodha moja, nafasi 0 hadi 31. Kwenye kioo niliyapa mashimo majina yetu ya 1 hadi 16, na kete zisogee kwa kuongeza moja kila hatua. Nilijisikia fundi.

Jioni ya kwanza binamu yangu mdogo aliweka simu ya Babu kwenye spika. Tulianza na kete 2 kila shimo, kama watoto wanavyofundishwa. Mikono ya mwanzo ilibaki safu za mbele tu. Kisha Babu akachota kete 5 kutoka shimo la 6, na kwa mara ya kwanza kete zikapinda kona.

"Saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja," alihesabu. "Kumi na moja sasa ina 3. Nazichukua, naendelea."

Nikatazama kioo. "Babu, ya 11 ina 2."

"Ina 3."

"Babu, umehesabu vibaya. Kompyuta haikosei."

Niliisikia sentensi hiyo ikitoka mdomoni, na hata hapo sikuirudisha. Upande wa pili kulikuwa na ukimya mrefu, na mbuzi wa mtu akilia kwa mbali. Kisha Babu akasema, "Labda ni mimi." Simu ikakatwa.

Kesho yake nilipiga. "Babu amelala," binamu akasema. Keshokutwa, amelala. Kwenye bao, zamu yako ikiisha tunasema umelala. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Wiki tatu zilipita. Jumamosi moja nilichora mashimo 32 kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, nikahesabu maharage 64, nikapiga magoti kurudia mchezo wetu mkono kwa mkono. Nilipofika kwenye zile kete 5, mkono wangu wenyewe ulikwenda saba, nane, ukapinda kona na kuingia shimo la tisa, lililo nyuma ya la nane. Ulikwenda huko bila kufikiri.

Kumbe programu haikupinda. Ilifuata mpango wa ramani: ikimaliza mwisho wa kulia wa safu ya mbele, nafasi inayofuata kwenye orodha ni mwanzo wa kushoto wa safu ya nyuma. Kete za Babu ziliruka ubao mzima na kuangukia 16, 15 na 14. Orodha huhifadhi kila shimo na idadi yake, ila haijui nani ni jirani wa nani wala nani anamtazama nani. Hayo lazima uyaandike wewe. Babu alikuwa ameniandikia: 9 na 17. Niliyanakili kwenye daftari, sikuyatumia.

Kurekebisha kulichukua nusu saa. Kila mchezaji akapata orodha yake ya mashimo 16, na baada ya la mwisho unarudi la kwanza. Kupiga simu ndiko kulinichukua mchana mzima.

"Babu, kosa lilikuwa langu. Ya 11 ilikuwa na 3. Macho yako hayahusiki, na kichwa chako hakihusiki."

"Nilijua ina 3," akasema. Akanyamaza. "Lakini usiku ule nilianza kuogopa kwamba giza limefika mpaka ndani."

Sikuwa na la kumjibu. Nilisikia mashimo yakipapaswa, kete zikigongana.

"Uko hapo, mke wangu?"

"Nipo, Babu."

"Basi ilikuwa bado zamu yangu. Nachukua 3 za kumi na moja. Hesabu na wewe, kwa mdomo, nikusikie."