Mwalimu Ambaye Hakufika Mwezini



Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa darasa la sita aliondoka na familia yake kwenda nchi ya tatu. Nilifurahi, lakini usiku usingizi haukuja. Ni mtoto wa tatu kuondoka darasani kwangu mwaka huu, na kesi yangu mimi haijajibiwa. Nikajiuliza: hivi nafundisha ili wengine tu waende? Nikataka kuacha.

Halafu nikakumbuka habari za Mmarekani mmoja, Eugene Shoemaker. Alikuwa mwanajiolojia, yaani mtaalamu wa miamba, na tangu ujana wake alitamani kwenda mwezini kuchunguza mawe ya huko.

Kule Arizona kuna shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita 1. Wengine walidhani ni kazi ya volkano. Shoemaker alilizunguka kwa miguu, akapima na kuchora, na mwaka 1960 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba lilichimbwa na kimondo, kama kile cha Mbozi hapa Tanzania, ila kikubwa zaidi sana.

Mwaka 1963 madaktari wakamkuta na ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Basi, safari yake ikafa. Lakini hakukaa nyumbani kununa. Aliwachukua wale watakaokwenda, akawapeleka kwenye shimo lile lile, akawafundisha kusoma miamba. Kati ya 1969 na 1972 watu 12 walitembea mwezini. Katika safari ya mwisho alikuwemo Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyewahi kufanya kazi naye.

Akina mama nao wasikie: mke wake, Carolyn, aliwahi kuwa mwalimu. Alianza kutafuta nyota zenye mkia akiwa amepita miaka 50, akagundua 32.

Shoemaker alifariki mwaka 1997 kwa ajali ya gari huko Australia, akiwa bado anatafuta mashimo ya vimondo. Sehemu ya majivu yake iliwekwa ndani ya chombo kilichogonga mwezi tarehe 31 Julai 1999. Alifika, lakini akiwa majivu.

Sisemi kwamba hiyo inatosha. Mimi nataka kufika nikiwa hai! Lakini nimeelewa kwamba kazi yake haikungoja safari yake.

Jumatatu nilirudi darasani. Tulijaza majivu ya jikoni kwenye beseni, watoto wakadondosha vijiwe kutoka juu. Kila kijiwe kikaacha shimo lenye ukingo wa duara, kama yale ya mwezini. Wazazi, jaribuni nyumbani na watoto, halafu usiku mwezi ukitoka mtazameni pamoja.