Safari ya kutafuta munganga wa macho

Mwezi huu sikuandikii habari za mkutano wala za semina. Ninakuchukua pamoja nami katika safari ya siku mbili, toka Likasi mpaka Lubumbashi, kutafuta munganga wa macho anayepokea karte ya mitielle. Soma polepole, kwa maana pengine na wewe utapita njia ile.

Mwanzo wake ni huu. Niliona siwezi tena kusoma vizuri katika ibada ya magaribi. Nilisukuma Biblia mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Vijana wa kwaya wakacheka. Mke wangu akaniambia: «Baba, karte yangu iko na kazi gani? Twende.» Yeye anatumika kazi ya serikali, na kila mwezi wanakata kidogo kwa mshahara wake kwa ajili ya mitielle ya afya. Karte ile inafunika pia mume na watoto.

Wazee wetu wanakumbuka wakati mwingine. Siku za Union Minière, na nyuma yake Gécamines, mfanyakazi hakuuliza nani atapokea karte yake. Alikwenda lupitali ya kampani, yeye na bibi na watoto. Lakini kampani ilishuka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa ule mpango wa kutoka kwa mapenzi. Tangu pale jamaa nyingi zinatafuta matunzo kila moja kwa njia yake.

Tulianza karibu na nyumba, kwenye kituo cha afya ambacho mitielle ilituonyesha. Walinipima kwa ile karatasi ya herufi ukutani, kisha wakaandika barua ya kunituma kwa munganga wa macho. «Musipoteze hii barua,» muuguzi akasema. «Pasipo barua, mitielle hailipe.»

Asubuhi tukapanda taksibisi. Njia ya Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Ilikuwa majira ya baridi, majani makavu, vumbi jekundu. Makamyo ya shaba na kobalti yalifuatana moja nyuma ya ingine kwenda upande wa Kasumbalesa. Tulilipa peaje, tukapita Lwisha, tukaona magunia ya makala yamepangwa kando ya barabara. Mke wangu alikaa kwa dirisha, akinihesabia magunia. Nilifikiri: huyu macho yake ni mazima, mimi ndiye mgonjwa. Kisha ule mlima mweusi wa takataka za shaba ukaonekana, na shimini yake. Tumefika.

Mahali pa kwanza, kijana wa mapokezi aliangalia karte mbele na nyuma. «Papa, hii karte hatuikamate tena. Mitielle haiyalipa deni.» Mahali pa pili waliikubali, lakini kwa malaria na uzazi tu, kwa macho, hapana. Jua lilikuwa limepanda. Nilitaka kurudi. Nilisema moyoni: nitanunua lineti sokoni, zile za kujaribu mpaka upate inayokufaa, mambo yaishe. Ni mke wangu aliyekataa. Alimwuliza mlinzi, akamwuliza mama muuza mikate, akamwuliza kila aliyetoka mlangoni na kitambaa kwa jicho: «Weye ulilipa na nini?» Kwa njia hiyo tulifika mahali pa tatu, na pale karte ikapokelewa.

Munganga akanipima. Kwangu haikuwa ugonjwa, ni umri. Mtu akipita miaka 40, jicho linachoka kuona ya karibu, na lineti zinatosha. Nikasimama nimshukuru. Yeye akashika karte tena: «Hii ni ya mama. Mama naye, macho yake yamepimwaka?» Mke wangu akacheka: «Miye nimemusindikiza tu. Miye naonaka muzuri.»

Alimpima nguvu ya maji yaliyo ndani ya jicho, akaangalia ndani kwa taa. Akanyamaza. Kisha akatuambia jina: glokoma. Nguvu ile inaharibu mshipa unaopeleka mwangaza kwa ubongo. Hailete maumivu. Inakula kwanza pembeni, na katikati panabaki pazuri, ndiyo sababu mtu anahesabu magunia barabarani na hajui. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kupoteza sehemu, na sehemu ile hairudi. Nikakumbuka: miezi mingi alikuwa anagonga bega la kushoto kwa mlango, na sisi nyumbani tulicheka.

Sasa anatia matone kila siku, na atayatia maisha yote. Yanachunga kilichobaki. Mitielle ililipa kupimwa. Lineti zangu nililipa mwenyewe. Matone, mara inalipa, mara hapana. Tumeweka falanga zake pembeni, mbele ya sukari na mafuta.

Msomaji wangu, chukua haya. Mbele ya kupanda gari, uliza maneno matatu: Karte hii munaipokea leo? Kwa macho pia? Dawa na lineti ni juu ya nani? Usiache barua ya kutumwa nyumbani. Kama unatumika kwa kampani, ujue sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakiwa wagonjwa. Kama jicho limeumizwa kazini, kwa jiwe ao kwa moto wa kusudia, hiyo ni kazi ya CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS. Waambie waandike ajali mara moja. Mtoto wa jicho, ambayo wanganga wanaita katarakti, inapasuliwa na mtu anaona tena. Glokoma haingoje. Kama umepita miaka 40, na zaidi kama mzazi ao ndugu yako aliipata, nenda upimwe ungali unaona. Na usitie majani ya porini ndani ya jicho.

Unakumbuka Bartimayo, yule kipofu aliyekaa kando ya njia ya Yeriko. Watu walimkemea anyamaze, naye akazidi kupiga kelele. Siku ile Lubumbashi mimi nilitaka kunyamaza nirudi Likasi. Mke wangu alizidi kuuliza. Alifikiri anatafuta macho yangu, kumbe Bwana alikuwa anatafuta yake.