Wafilipi 4:13 na pasi ndefu

Mitihani imekaribia, na Wafilipi 4:13 umeshabandikwa kwenye milango kibao bwenini. Juzi kwenye ibada yetu mhubiri naye akautumia: amini tu, GPA itapanda. Watu "ameeen!"

Mi nikarudi kusoma sura nzima. Paulo aliandika barua ile akiwa kifungoni, na mstari wa 12 unataja njaa na shibe. Kumbe kuyaweza yote ni pamoja na kuvumilia njaa! Halafu mstari wa 14 anawasifu Wafilipi kwa kumsaidia kwenye taabu, na wa 18 anataja vitu alivyoletewa na Epafrodito. Yaani mtu mwenye imani vile bado aliletewa msaada, na akashukuru.

Sasa jamani, boom limechelewa na kuna wenzetu wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku. Ukimwambia "amini tu" halafu ukaenda kantini peke yako, umehubiri nusu ya sura. Chumbani kwetu tumeanza kuchanga unga na maharage, aliyekwama anakula. Kwenu je?

Tuko pamoja.